Nani Kasema Ule Ni Mkwaruzo?

Ndugu zangu, leo naandika kuungama. Kosa lenyewe halifiki mahakamani, lakini limenisumbua wiki kadhaa sasa, na kila nikilifikiria naona lina umri mkubwa kuliko wangu. Mtanivumilia basi: nitaanza na kosa, nitapita kwenye historia, kisha nitasimulia tulivyojaribu kulirekebisha.

Nilikuwa Sumbawanga. Najua mtakachosema. Ukimwambia mtu wa Dar es Salaam kwamba unakwenda Sumbawanga, swali la kwanza ni kama umewaaga wazazi. Jina la mji wengi hulifasiri kuwa ni amri: tupa uchawi. Sisi wengine tumeligeuza, tukaufanya mji wa watu wa kutuma radi. Mimi radi sikuiona. Nilichokutana nacho ni baridi, maana uwanda wa juu wa Ufipa uko zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na mwezi wa saba asubuhi unatafuta koti kabla ya kutafuta chai. Na upepo. Uwanda ule ni nyasi kwa kilomita nyingi, miti ni ya kuhesabu, na upepo ukianza safari hauna wa kuusimamisha. Kumbukeni huo upepo, tutakutana nao tena.

Gazeti lilinituma kuandika habari za mahindi. Mahindi nikayaandika, yakachapishwa, yakasahaulika. Lakini katika kuzunguka vijiji vya njia ya Matai nilimkuta mzee mmoja amekaa kwenye kigoda nje ya nyumba yake, anapiga marimba ya mkono. Nikamwamkia, "Shikamoo babu." Akaitika marahaba bila kusimamisha vidole.

Kwa wale ambao marimba mnayoijua ni ile ya kugonga kwa vijiti, hii ni nyingine. Ni kisanduku cha mbao kinachoshikwa kwa mikono miwili, juu yake pamepangwa vyuma vyembamba vya urefu tofauti, na mpigaji anavibonyeza na kuviachia kwa vidole gumba. Vyuma vya babu vilitokana na misumari iliyofuliwa na spoki za baiskeli. Kisanduku kina tundu mbele. Na kwenye ubao wa juu alikuwa amefunga kwa waya vizibo vya soda vilivyotobolewa, vimekaa kwa kulegea. Kila chuma kikilia, vizibo vinatetema pamoja nacho: chachacha, chachacha, kama mvua ya kwanza juu ya bati.

Nikapenda. Nikasema huyu mzee lazima arekodiwe. Nikamwomba, akakubali, tukapanga siku, nikamleta mjini kwenye studio ndogo ya vijana wa bongofleva. Ni chumba kimoja, kuta zimebandikwa vipande vya magodoro, kuna kompyuta na maiki moja nzuri ya kurekodia sauti za waimbaji. Prodyuza ni kijana wa rika langu, mkarimu, na hakututoza hata senti. Akaiweka maiki mbele ya tundu la kisanduku, umbali wa vidole vinne hivi. Babu alipoanza kupiga, taa nyekundu zikawaka kwenye kompyuta.

"Tatizo ni hivyo vizibo," prodyuza akaniambia. "Vinaleta mkwaruzo. Mwambie avitoe."

Na mimi, mhitimu wa chuo kikuu, mwandishi wa habari, nikaenda kumpigia magoti babu wa watu. "Samahani babu, tunaomba tuvitoe hivi vizibo kidogo, vinaharibu sauti." Babu akanitazama kwa muda. Kisha akaomba koleo, akavifungua kimoja kimoja, akavitia kwenye mfuko wa koti. Tukarekodi. Prodyuza akaongeza mwangwi kidogo, akapunguza hapa, akapandisha pale. Tukamvalisha babu hedifoni ili asikilize kazi yake.

Alisikiliza mpaka mwisho, akazivua taratibu, akauliza, "Anapiga vizuri huyu. Ni nani?"

Tulicheka. Tulidhani ni utani. Hakuwa anatania. Tulipokuwa kwenye gari la kurudi kijijini ndipo aliponieleza, kwa upole, kama mtu anayemweleza mtoto aliyemwaga maziwa: "Mjukuu wangu, mmerekodi mbao."

Ndugu zangu, hilo ndilo kosa. Sasa swali. Yule prodyuza alijuaje kwamba chachacha ile ni mkwaruzo? Na mimi niliaminije haraka namna ile? Nilipoanza kusoma nikagundua kwamba sote wawili tulikuwa tunarudia amri iliyotolewa zamani, na aliyeitoa kwanza alikuwa mashine.

Tuanze kabla maiki haijawepo. Fonografu ya Thomas Edison ya mwaka 1877 haikutumia umeme. Ilikuwa na mdomo, sauti inaingia humo, inatikisa kiwambo chembamba, kiwambo kinasukuma sindano, sindano inachora mfereji. Mashine za aina hiyo, zikitumia silinda za nta, ndizo zilizofika kwetu mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule, aliyekuwa mtu wa makumbusho ya Leipzig, alizunguka kusini mwa iliyokuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani, upande wa Lindi, Masasi na Newala, akiwa na fonografu na kamera ya sinema. Silinda moja ilichukua dakika chache tu. Ngoma ya usiku kucha ilibidi ikatwe itoshe kwenye kipande cha nta.

Mdomo ule ulikuwa na upendeleo wake. Mashine za wakati huo zilinasa kwa takriban mitetemo 250 hadi 2,500 kwa sekunde. Ngoma kubwa inaunguruma chini ya hapo, ikapotea. Chachacha ya kizibo, ya njuga, ya utando wa buibui, sehemu yake kubwa iko juu ya hapo, nayo ikapotea. Kilichobaki ni sauti ya mtu anayeimba kwa nguvu karibu na mdomo wa bati. Aliyekuwa Ulaya akisikiliza zile silinda alisikia muziki wetu umekatwa kichwa na miguu, akadhani ndivyo ulivyozaliwa.

Mwaka 1925 makampuni makubwa ya santuri yakaanza kurekodi kwa umeme, kwa maiki. Uwezo ukapanda mara mbili na zaidi. Lakini maiki ya wakati huo ilikuwa mali ya chumba: mitambo ni mizito, inataka umeme na mafundi. Ndiyo maana mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walilazimika kuvuka bahari kutoka Zanzibar hadi Bombay ili sauti zao ziingie kwenye santuri. Muziki ulisafiri kumfuata fundi. Na anayekufuata wewe nyumbani kwako hukaa unapomwelekeza.

Mtu aliyegeuza safari hiyo, akampeleka fundi kwa mwanamuziki, ni Hugh Tracey. Huyu alikuwa Mwingereza, kazaliwa 1903, akaja Rhodesia ya Kusini, Zimbabwe ya leo, kulima tumbaku na kaka yake. Wafanyakazi wa shambani wakamfundisha nyimbo zao na tumbaku ikasahaulika. Mwaka 1929 aliwapeleka vijana 14 wa Kikaranga hadi Johannesburg kurekodiwa. Baadaye akaona ni afadhali mitambo isafiri. Mwaka 1950 alipita Tanganyika, akarekodi Wagogo, Wahaya na wengine wengi. Mwaka 1954 akaanzisha Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika, na mfululizo wake wa rekodi ukafikia santuri 210.

Nataka tutazame mkono wake. Kwenye picha nyingi za safari zake Tracey ameshika maiki mwenyewe, amejiinamia mbele ya mpigaji. Hakuisimika mahali na kwenda kukaa. Aliisogeza: mwimbaji akianza ubeti anaikaribisha mdomoni, ala ikijibu anaishusha kwenye ala. Jenereta liliachwa mbali ili mngurumo wake usiingie. Maiki moja, njia moja ya sauti, na uamuzi wa papo kwa papo. Aliona kazi hiyo kama ya mpiga picha: fremu haitoshi kijiji kizima, kwa hiyo mpigaji picha anachagua kitakachoonekana.

Uchaguzi huo ulikuwa na faida kubwa. Rekodi zake ukizisikiliza leo unahisi umekaa mkekani pamoja nao. Marimba zinazotetema zinatetema kweli. Lakini ni uchaguzi wa Tracey, Mwingereza wa zama za ukoloni, aliyefadhiliwa kwa muda na kampuni ya santuri ya Gallo ya Afrika Kusini. Alichokaribia ndicho tulicho nacho. Alichokipa mgongo hakipo.

Na hapa historia inachekesha kidogo. Mwaka huo huo wa 1954 Tracey alianzisha karakana ya ala huko Roodepoort, karibu na Johannesburg. Humo alitengeneza marimba ya mkono ya kuuza duniani, akaiita Kalimba. Akaipanga kwa ngazi ya do re mi ya Kizungu ili mnunuzi wa Ulaya na Marekani asipate shida. Na vitetemeshi? Akaviacha. Mtu aliyetembea Afrika nzima ya mashariki na kusini kunasa chachacha, alipofika sokoni aliona mnunuzi ataiita kasoro. Leo ukiingia duka la ala popote duniani, "kalimba" unayouziwa kwa kawaida ni laini, safi, kama kengele ya mtoto. Nadhani prodyuza wetu wa Sumbawanga amezisikia nyingi kwenye simu yake. Kwa sikio lake, marimba ya babu ndiyo iliyokuwa na hitilafu!

Nyumbani nako mambo hayakunyooka. Baada ya uhuru, Mwalimu Nyerere mwaka 1962 aliunda wizara ya kushughulikia utamaduni, akilalamika kwamba tulifundishwa kudharau vya kwetu. Kituo cha redio kilichoanza Dar es Salaam mwaka 1951 kikawa Radio Tanzania mwaka 1965, na studio yake ndiyo iliyotuachia hazina ya muziki wa dansi. Bendi iliingia nzima, maiki chache zikagawanywa, wimbo ukapigwa mwanzo hadi mwisho, na mmoja akikosea wote wanarudia. Ngoma za asili nazo zilirekodiwa. Lakini chumba kile, hata kwa nia njema, ni cha Dar es Salaam. Marimba inayopigwa na mtu aliyekaa peke yake kwenye kigoda, kwa sauti ya kutosha watu wanne, haikuwa rahisi kufika huko.

Aliyefika, na akaivusha mpaka nje, ni Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma. Alifundisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichoanzishwa mwaka 1981, akazunguka dunia na ilimba na zeze. Ilimba za Kigogo huwa na tundu linalozibwa kwa utando wa buibui, nao unatoa mvumo mwembamba juu ya kila noti. Mwaka 1996 albamu yake ya Chibite ilitolewa na Real World, kampuni ya Peter Gabriel huko Uingereza. Zawose alifariki Desemba 2003, ila rekodi zake zimethibitisha jambo moja: maiki bora za Ulaya zikielekezwa na mtu anayejua anachokitafuta, utando wa buibui unasikika, na msikilizaji wa London hakimbii.

Mfano mwingine uko ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, mbali magharibi, Kinshasa. Mawangu Mingiedi, mwanzilishi wa Konono No. 1, alitaka likembe yake isikike juu ya kelele za jiji. Hakuwa na maiki ya kununua. Akatengeneza zake kwa sumaku za vipuri vya magari mabovu, akaziunganisha kwenye spika chakavu. Sauti ikatoka imechanika, imejaa mkwaruzo, na yeye akaona ni sawa kabisa, maana likembe tangu zamani ni ala ya kutetema. Albamu yao ya mwaka 2004, Congotronics, ilishangiliwa Ulaya na Marekani kama muziki wa kesho. Vijana wa vilabu vya Brussels wanauchezea mkwaruzo, na sisi huku tunamwomba babu koleo!

Sasa turudi Ufipa, maana kuna jambo la Ufipa lenyewe lililonifanya nione uzito wa habari hii.

Ukitembea kwenye uwanda ule unaweza kukuta malungu, yaani tanuri za kale za kuyeyushia chuma. Ni minara ya udongo yenye kimo cha karibu mita 3, na chini ina matundu ya kuvuta hewa. Malungu halikutaka mivukuto. Lilivuta hewa lenyewe, kama bomba la moshi. Chuma kilichotoka humo kilisafishwa mara ya pili kwenye tanuri ndogo, kintengwe, ndipo mhunzi akakifua majembe na shoka. Wafipa walijulikana kwa kazi hii, na uyeyushaji uliendelea mpaka ndani ya karne ya 20, vyuma vya dukani vilipoufanya usilipe tena. Mwanaakiolojia Bertram Mapunda ameziandikia tanuri hizi kwa kina, na kwa kupima udongo, majivu na mabaki ya chuma ameweza kueleza zilifanyaje kazi, muda mrefu baada ya moto wake kuzimika.

Fikiria hilo. Udongo unasubiri. Ukikosea kuchimba leo, mwenzako anaweza kuja kesho kupima tena ukuta uliobaki. Sauti haisubiri. Hakuna mtaalamu, hata awe na shahada ngapi, atakayepima marimba iliyopigwa Ufipa mwaka 1900. Ikiwa kitu pekee kitakachobaki cha babu huyu ni rekodi yetu ya studio, mtafiti wa miaka 100 ijayo ataandika kwa uhakika kabisa kwamba marimba ya huku ilikuwa na sauti laini, isiyo na vitetemeshi, yenye mwangwi. Atakuwa na ushahidi. Na ushahidi huo nimeutengeneza mimi, kwa koleo.

Nilipoelewa hivyo nikaomba siku 3 za likizo nikarudi.

Safari hii nilimwomba prodyuza aje na mimi kijijini, naye kwa heshima yake alikuja, akabeba kinasa sauti kidogo cha betri na maiki mbili. Niwaeleze kidogo kuhusu maiki, maana ndipo palipo na siri. Kuna maiki za koili na sumaku, kama ile Shure SM58 iliyotoka mwaka 1966, mnayoiona mikononi mwa wachungaji, wanasiasa na wasanii. Ni ngumu kama jiwe, haihitaji umeme, inavumilia kelele, lakini vilio vyembamba vya juu sana inavipitia kwa haraka. Na kuna maiki za kondensa, zenye kiwambo chepesi kinachotaka umeme. Hizo zinanasa hata kucha ikigusa chuma. Zinanasa pia jogoo, bodaboda na mashine ya kusaga ya kijiji cha pili.

Kuna tofauti nyingine: ipo maiki inayosikia zaidi mbele, na ipo inayosikia pande zote. Ile ya mbele ukiisogeza karibu sana na chanzo, inavimbisha sauti za chini. Ndiyo iliyotuponza studio. Tuliiweka vidole vinne kutoka kwenye tundu, mahali ambapo hewa ya kisanduku inasukumwa kwa nguvu, ikatoa dumdum kubwa. Kilichowasha taa nyekundu kwa sehemu kubwa ni tundu, na vizibo vikasingiziwa. Kesi ya mtu mwingine, tukamfunga asiyehusika.

Siku ya kwanza tulijaribu uani. Upepo wa Ufipa ukatufundisha adabu. Kwenye hedifoni ulisikika kama lori linapanda mlima, ingawa masikioni petu ulikuwa upepo wa kawaida tu. Tukajificha nyuma ya ukuta, tukafunika maiki kwa soksi ya sufu, haikutosha. Bibi, mke wa mzee, alikuwa akitutazama mlangoni. Akatuuliza kwa nini hatuendi jikoni.

Jiko lao ni kibanda cha pembeni, kuta za udongo na paa la nyasi. Jamani, ile ndiyo studio! Nyasi zinameza mwangwi kuliko magodoro. Bati lingetupigia kelele, nyasi zikanyamaza. Tukaingia saa 1 asubuhi, upepo ukiwa bado haujaamka vizuri, moto umezimwa.

Babu akafunga vizibo vyake. Akapiga. Prodyuza akashika hedifoni, akakunja uso. "Kuna kitu kingine kinatetema." Tukatafuta. Kumbe ni mifuniko ya sufuria ukutani, ilikuwa inaitikia marimba. Mimi, kwa kuwa nilikuwa nimeshaungama moyoni, nikasema iachwe, ni sehemu ya mazingira. Babu akacheka. "Hiyo haikualikwa," akasema. Bibi akaitoa nje.

Hapo nilijifunza kitu ambacho sikukipata kwenye maandishi. Mwenye ala hapendi kila mtetemo. Ana mitetemo yake na ana kelele zake, kama fundi yeyote, ila mpaka kati ya viwili hivyo anauchora mwenyewe. Alitueleza vizibo ni vya nini: chuma kikipigwa kinalia na kufa upesi, vizibo vinakishika kisife, na vinampelekea sauti aliye mbali. Aliviongeza na kuvipunguza kwa miaka mpaka vikakubaliana na vyuma. Tulipovitoa siku ile tulikuwa tumempunguzia ala nusu ya kazi yake.

Basi tukamuuliza swali tulilopaswa kuuliza mwanzo: babu, maiki ikae wapi?

Akaonyesha bega lake la kulia. Sisi tungeiweka mbele yake, kama anayehutubia. Lakini marimba ya mkono mtu huishika ikimwangalia yeye mwenyewe. Vyuma vinamtazama, vizibo vinamtazama. Anayetaka kuisikia hukaa kando yake. Tukasimika kondensa juu ya bega lake, karibu na sikio, umbali wa kama nusu mita kutoka vidoleni, ikitazama chini kwa mshazari. Ile ya koili tukaiweka chini zaidi mbele, mbali na mkondo wa tundu, iokote mlio wa kisanduku kwa kiasi tu. Tukapiga makofi mara moja ili baadaye zile rekodi mbili zioanishwe, maana maiki mbili za umbali tofauti zikichanganywa ovyo zinaweza kukatana sauti. Taa nyekundu haikuwaka hata mara moja.

Tulirekodi asubuhi nzima. Kila wimbo ukiisha babu anavaa hedifoni na kutoa hukumu. Mara mbili aliagiza bega la maiki lishuke. Mwishoni alizivua, hakuuliza ni nani. Alisema tu, "Ehe." Nikaandika tarehe, mahali, jina lake kamili, idadi ya vyuma, vizibo vimefungwaje, maiki zilikaa wapi. Hilo la mwisho naliona ni muhimu kuliko tunavyodhani. Anayekuja kesho ajue alichosikia kilitoka upande gani.

Na nakala? Rekodi za Tracey ziko Chuo Kikuu cha Rhodes, Makhanda, Afrika Kusini, zilikohamia mwaka 1978. Zimetunzwa vizuri, tushukuru. Lakini ilichukua zaidi ya miongo 6 kwa Wakipsigis wa Kenya kurudishiwa nyimbo zao alizozirekodi mwaka 1950, zikiwemo zile za Chemirocha, kwa juhudi za maktaba hiyo na mradi wa Singing Wells wa Kenya. Waliopiga wakiwa vijana, waliobaki hai walizisikia wakiwa wazee sana. Sikutaka babu asubiri hivyo. Nikanunua memori kadi, nikaweka rekodi zote, nikaichomeka kwenye redio yake ndogo ile ya kutembea nayo shambani.

Nilikuwa na wasiwasi, maana spika ya redio ile ni ndogo kama kifuniko cha chupa ya chai. Sauti za chini haiwezi. Na kweli, alipoiwasha uani, ile dumdum ya kisanduku ambayo tulihangaika nayo studio haikusikika kabisa. Kilichotoka, kikavuka ua, kikapita juu ya upepo mpaka kwa jirani aliyekuwa anapeta mahindi, ni chachacha. Jirani akainua kichwa, akamwita babu kwa jina.

Nawaachia hapo. Kama nyumbani kwenu kuna anayepiga kitu, zeze, filimbi, marimba, ngoma ya kushika kwapani, simu mnazo na zina maiki. Muulizeni kwanza ikae wapi. Vile vizibo alivyovifungua siku ya studio, kimoja alinipa niondoke nacho. Kiko mezani kwangu hapa ninapoandika, kimetobolewa katikati, na kina kutu kidogo.